Siku za Eteri

Kassimu alipata kazi kwenye labo, maabara ya wagonjwa ya mji wa Baraka, kwa sababu moja tu: hakuwa mnywaji, baba yake hakuwa mnywaji, na mji mzima ulilijua hilo. Kabla yake alikuwepo Albert, mcheshi, mwenye mikono mizuri ya kazi. Ila kila Albert alipoachwa peke yake na spiriti iliyokwisha kusafishwa, spiriti ilipungua na vicheko vikaongezeka. Georgette, mama wa labo, alivumilia mpaka siku aliyomkuta akiiimbia hadubini wimbo wa arusi. Siku hiyo hiyo aliteremka mtaa wa Waislamu, kando ya ziwa, akapiga hodi kwa fundi wa mota za boti.

"Papa Kassimu," alisema, hajakaa bado, "miye natafuta muntu asiyekunywa."

"Asiyekunywa nini?"

"Asiyekunywa kitu. Albert alikuwa ananimalizia spiriti ya bagonjwa."

Kassimu alicheka, akamvutia kigoda. "Sasa miye nitafanya nini kule? Miye ni fundi wa mota."

"Utachunga maji ya moto. Na utachunga macho yako yasilale."

Ulikuwa msimu wa mvua uliofuata kuingia kwa vita vya pili. Barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa, malori ya dawa yameacha kuja, na watu wa Baraka nusu walikuwa milimani, nusu ng'ambo ya ziwa, na waliobaki walitembea huku wakisikiliza. Boti zilizosalia zilifichwa kwenye matete ya mto Mutambala. Mafuta yalikuwa adimu. Kutwa nzima Kassimu alikaa barazani akisugua vyuma vya mota isiyo na boti, na jioni akavifunga tena kwenye gunia. Ndani ya nyumba yake kulikuwa na kitanda kipana cha mbao, lakini yeye alilala mkekani.

Kitanda kilikuwa cha Saumu, mkewe. Vita vya kwanza vilipoingia, miaka miwili nyuma, Kassimu alikuwa amepanda Fizi kutengeneza kinu cha kusagia mahindi. Bunduki ziliposikika huko chini, akateremka akipishana na watu waliokuwa wakipanda na magodoro vichwani. Alifika akakuta mlango umefungwa kwa kamba, fundo jepesi, fundo la mtu anayekwenda sokoni na kurudi. Mchele ulikuwa umerowekwa kwenye sufuria. Majirani wakamwambia kwamba bamama wa mtaa mzima walipanda maboti. Kisha, siku zilizofuata, likaja neno jingine: boti moja ilipinduka nyuma ya rasi ya Ubwari. Boti ipi, Kassimu hakuuliza. Tangu hapo, mtu akianza kusema "zile siku za maboti", Kassimu alisimama, akasema ana kazi, akaondoka. Watu wakazoea, wakanyamaza.

Kwa hiyo alikubali kazi ya Georgette upesi kuliko Georgette alivyotarajia.

Georgette alikuwa Mubembe wa Lweba, mama wa makamo, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Tangu dawa zilipoacha kuja alikuwa hamwagi kitu. Spiriti iliyotumika, eteri iliyotumika, zote alizitia kwenye madumu ya kioo chini ya meza, na watu wakamcheka kwamba mama wa labo anaweka akiba ya uchafu. Dumu moja lilikuwa jekundu. Hiyo ndiyo spiriti aliyooshea vioo vya watu wa kikohozi kirefu, maana makohozi hupakwa rangi nyekundu kwanza, kisha rangi ikaoshwa, na kidudu cha kifua kikuu peke yake ndicho kinachong'ang'ania wekundu wake. Maji ya dumu lile yalifanana na maji yaliyofuliwa kikwembe kipya kinachochuja rangi.

"Hii inarudi safi," Georgette alimwambia siku ya kwanza. "We angalia."

Alitia magadi kwenye ule wekundu mpaka povu likatulia, ili kuua ukali wa asidi. Akaimimina kwenye chupa ya mviringo yenye shingo ndefu, akadondosha ndani vigae vya chungu kilichovunjika, vidogo kama kucha, ili uchemkaji uende taratibu usije ukaruka. Kutoka shingoni lilitoka bomba la kioo, likapita ndani ya bomba jingine pana lililojaa maji baridi, likaishia juu ya chupa tupu. Kizibo kilichoshika shingo na bomba alikichonga Kassimu mwenyewe kwa mti mwepesi, na pembeni wakakikandika kwa uji mzito wa muhogo, kama watu wanavyokandika nyumba.

Hakukuwa na moto ndani. Jiko lilikuwa nje, upande wa milima, ambako Florentine aliwapikia wagonjwa. Kassimu alibeba maji yaliyochemka kutoka huko, akayamimina kwenye beseni chini ya chupa, na yakipoa akaleta mengine.

"Moto hauingii humu," Georgette alisema. "Hata kama ni komanda na sigara yake. Utamuambia abaki nje."

"Na akikataa?"

"Basi siye ndio tutatoka."

Alfajiri upepo hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani. Ukiwa hivyo, mvuke wowote utakaopotea utatokea dirisha la ziwani na kwenda zake. Jua likipanda upepo hugeuka, ziwa likaanza kupulizia nchi kavu, na hapo mvuke ungefuata njia ya jikoni. Ndiyo maana walianza kazi mara baada ya Kassimu kutoka kuswali, na ndiyo maana upepo ukigeuka kazi ilikoma, hata kama chupa haijamaliza.

Kassimu alikaa kwenye benchi akatazama. Wekundu ulianza kutikisika, vigae vikacheza. Kisha kwenye ncha ya bomba likatokea tone, likaning'inia, likajifikiria, likaanguka. Halikuwa na rangi yoyote. Likaja la pili. Wekundu wote ulibaki nyuma chupani, ukizidi kuwa mzito, na huku mbele kulikuwa na kitu cheupe kama maji ya mwamba. Kassimu alihisi kifua chake kikilegea bila yeye kukiambia. Alikuwa amefungua mota mia za watu, hakuwahi kuona uchafu ukiachwa nyuma kwa upole namna ile.

Hata hivyo dhamiri ilimsumbua, akaenda kwa shehe. Shehe alimsikiliza huku akipekecha tasbihi.

"Unakinywa?"

"Hapana, Shehe."

"Unakiuza?"

"Hapana. Ni cha bagonjwa."

"Basi chunga. Na siku ukiona kinakulevya, hata kwa harufu, toka nje. Kulewa hakuna mlango mmoja."

Spiriti haikumlevya. Miezi ilipita, wekundu ukageuka weupe, na Kassimu akajua sauti ya kila hatua kama alivyojua sauti za mota. Kisha Georgette akafungua dumu la pili.

Lilikuwa la eteri. Georgette aliitumia kutafuta mayai ya kichocho cha tumbo kwenye choo cha watu wa ziwani, kwani eteri hubeba mafuta yote juu na kuyaacha mayai chini, yaonekane. Ilikuwa na ukungu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Kabla ya kuipika aliiosha kwa maji ya chumvi ya chuma, akaitikisa, akaitenga.

"Hii si kama ndugu yake," alisema. "Ikikaa siku nyingi inatengeneza kitu kibaya ndani, kinaweza kupasuka. Chuma kinakiua. Halafu hatuikaushi hata siku moja. Ikibaki kiasi cha kikombe, basi, tunaacha."

"Maji ya moto sana?"

"Hapana! Maji ya kumuogesha mutoto. Yenyewe inachemka kwa joto la mukono wako."

Maji ya ziwa yalikuwa na uvuguvugu, hayakufaa kuipoza. Walitumia maji ya kijito cha mlimani yaliyolala kwenye mitungi iliyofungwa vitambaa vibichi. Na siku za eteri walikuwa wawili daima, mmoja wa kuangalia chupa, mmoja wa kuangalia upepo.

Siku ya kwanza ya eteri, Georgette alikuwa dirishani, mgongo wake kwa Kassimu. Milima ilikuwa bado ya bluu. Matone yalianguka upesi kuliko ya spiriti, yakiwa mepesi, na hewa ikawa na utamu wa nanasi lililokaa sana juani. Kassimu aliegemea ukuta.

Akaona ziwa limefika mlangoni. Halikuja kwa fujo. Lilikuja kama mgeni aliyealikwa, likapanda ngazi, likajaa chumbani, na yeye akapumua ndani yake bila taabu. Chini ya maji kulikuwa na mtaa wao. Milango yote ilikuwa wazi, mikeka imetandikwa, ndakala, samaki wadogo wa ziwa, zimeanikwa juu ya mchanga na hazikauki. Mota yake ilikuwa inaunguruma barazani bila tone la mafuta. Na kwenye kizingiti alikaa Saumu, amempa mgongo, anachambua mchele. Alimjua kwa namna shingo yake ilivyoinama. Akamwita. Saumu akainua mkono mmoja, kama kusema ngoja, nimalize hapa, kisha nitageuka.

"Papa Kassimu. Maji yamepoa."

Alifungua macho. Matone yalikuwa yamepungua. Akasimama, miguu yake si yake kabisa, akaenda jikoni. Florentine alimwuliza mbona anatabasamu. Hakujua kwamba alikuwa akitabasamu.

Ndivyo zilivyoanza siku za eteri. Hazikuwa nyingi, wagonjwa wa kichocho walipaswa kwanza kulijaza dumu. Kassimu alijikuta akiwahesabu mlangoni, akifurahi wakija, kisha akajionea aibu. Usiku wa kuamkia siku hizo alioga vizuri, akavaa kanzu safi. Kila mara ziwa lilikuja kwa upole wake. Wakati mwingine Saumu alikuwa akifunga mzigo, wakati mwingine akisuka ukindu, lakini mgongo ulikuwa uleule, na mkono uleule ukainuka: ngoja. Hakuwahi kugeuka, na hilo halikumkera. Aliona ana muda wote.

Ila eteri ilikuwa inapungua. Georgette aliona kwa jicho. Alijua dumu lililoingia na chupa iliyotoka, na kati yao palikuwa na pengo. Mwanzoni alilaumu joto. Akafunga vitambaa zaidi kwenye mitungi, akawaomba bamama wanaoteka maji kijitoni wayalete mapema zaidi. Pengo likabaki. Asubuhi moja alikaa benchini karibu na Kassimu, akavuta pumzi.

"Papa Kassimu, nitauliza, usikasirike. Kuna muntu anaingia humu?"

"Ufunguo ni wako."

"Ndiyo. Ndiyo maana nauliza."

Kassimu alielewa. "Mama Georgette, we ulikuja kwangu kwa sababu sinywi. Leo unaniuliza kama miye ni Albert?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema."

Georgette aliomba radhi, na Kassimu akaikubali, lakini alirudi nyumbani na kinyongo. Siku ya eteri iliyofuata, mama yule akiwa dirishani, Kassimu alianza kuichunguza chupa kama anavyochunguza mota inayopoteza mafuta. Alipitisha kidole kandokando ya bomba, juu ya shingo, kwenye kizibo. Na pale, nyuma, upande wa ukuta ambako hakuna aliyetazama, kidole kikapata baridi. Ilikuwa pumzi nyembamba, ya ubaridi mtamu, ikitoka kwenye ufa. Uji wa muhogo ulikuwa umekauka na kupasuka, ufa mwembamba kama unywele, na pumzi ile ilikuwa ikiteremka moja kwa moja kwenye benchi lake.

Akasimama na kidole chake pale. Eteri ya wagonjwa ilikuwa ikienda kifuani mwake. Yeye asiyekunywa alikuwa ameinywa miezi mizima, bila kikombe wala mdomo. Akakumbuka maneno ya shehe kuhusu harufu.

Bakuli la uji lilikuwa hapo hapo mezani. Kuchovya kidole, kupaka, kwisha. Hata sala fupi ingekuwa ndefu kuliko kazi hiyo. Alichovya. Akainua kidole chenye uji mpaka karibu na ufa, na hewa tamu ikamgusa uso, na kwa mbali, chini kabisa ya sauti ya matone, akasikia mchele ukimiminwa kwenye ungo.

Leo tu, akasema moyoni. Nimuage. Kesho nitaziba.

Akajifuta kidole kwenye kanzu.

Baadaye kidogo Florentine aliita: ameletwa mzazi anayetoka damu, muuguzi anataka damu ipimwe sasa hivi. Georgette alitazama chupa, akatazama dirisha. Eteri haiachwi kwa mtu mmoja, hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe. Lakini damu nayo haisubiri.

"Zima," alisema. "Ondoa beseni, funika, tutamaliza siku nyingine."

"Imebaki kidogo," Kassimu alisema. "Upepo ungali wa milima. Nenda, Mama. Ukigeuka tu, nazima."

Georgette alisita mlangoni. Kisha, kwa kuwa alikuwa amemkosea mtu huyu na alitaka kumwonyesha kwamba anamwamini, akaenda.

Ziwa lilikuja likiwa kubwa kuliko siku zote. Kassimu alitembea ndani yake mpaka kizingitini, akachuchumaa nyuma ya Saumu, karibu kabisa, hata akaona mshono wa nguo yake. "Nimekuja kukuaga," alisema. Mkono ukainuka: ngoja. Akangoja. Mwanga ukabadilika kuwa wa dhahabu. Pazia la dirisha la ziwani, lililokuwa limevutwa nje asubuhi nzima, likalegea, likaning'inia, kisha likaanza kuingia ndani polepole. Kassimu aliliona likiingia. Alijua maana yake. Lakini alijua kwa mbali, kama mtu anayejua kwamba mahali fulani kuna mtu anaitwa kwa jina lake.

Mvuke wa eteri ni mzito kuliko hewa. Hukaa chini, hutambaa. Ulitambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango, na upepo wa ziwani ukausukuma uani hadi jikoni, ambako Florentine alikuwa anakoroga uji wa wagonjwa.

Florentine ndiye aliyepiga kelele. Alisema baadaye kwamba aliona kitambaa cha bluu kikikimbia juu ya udongo kurudi labo, chepesi, kizuri, bila moshi. Kassimu alifungua macho akakiona kikiingia chini ya mlango, na kwa kitambo kile kifupi alidhani ni ziwa. Kisha benchi likashika moto, na kanzu yake ikashika pindoni, na shingo ya chupa ikawaka kama mshumaa.

Hakuweza kusimama vizuri. Aliyeingia ni Georgette, bado ana damu ya watu mikononi, blanketi bichi lililokuwa likikaa ndooni limekumbatiwa kifuani. Alilitupa juu ya chupa na bomba, akaligandamiza kwa mikono yote miwili. "Chupa ya mbele!" alipiga kelele. "Kassimu, ifunge, utoe!" Sauti ile, ambayo haikuwahi kupanda, ikampasua usingizi. Akaipiga chupa ya mbele kizibo, akaitia kwenye mtungi wa maji, akaukokota mtungi nje. Akarudi na ndoo ya mchanga. Florentine akaleta ya pili. Walimwaga sakafuni, mezani, benchini, juu ya pindo la kanzu, mpaka bluu ikafa.

Hadubini ilikuwa salama. Paa lilikuwa salama. Mkono wa kulia wa Georgette, kuanzia kifundo hadi kiwiko, ulikuwa umeungua.

Walikaa uani wote watatu. Florentine akammiminia Georgette maji baridi mkononi, mtungi baada ya mtungi. Kassimu alitazama ngozi ile. Kisha akasema yote: ufa, kidole, uji wa muhogo aliojifuta kwenye kanzu, Saumu na mgongo wake. Hakujitetea hata kidogo. Georgette alisikiliza akiwa amefumba macho kwa maumivu.

"Nilikuita mwizi," Georgette alisema mwishowe, "na ulikuwa mwizi kweli. Na siye wote hatukujua."

"Ndiyo, Mama."

"Nimekasirika sana. Nitaendelea kukasirika." Akafungua macho. "Sasa niambie. Huyu wa ndoto ulimupata kwenye chupa. Saumu mwenyewe, ulimutafuta wapi?"

Kassimu alimpokea Florentine mtungi, akaendelea kuumiminia mkono ule maji.

Alikaa labo mpaka mkono ule ulipopona. Kwa kuwa Georgette hakuweza kuzungusha gurudumu la hadubini, Kassimu alilizungusha kwa niaba yake, taratibu, "kidogo tena, rudi, hapo," mpaka vidudu vikaonekana. Alichonga kizibo kipya, akakikandika, na kila asubuhi alikipaka maji ya sabuni kutafuta kiputo. Benchi alilihamishia mlangoni, kwenye hewa. Alimfundisha Florentine kusoma pazia la dirisha. Siku za eteri zikarudi, chupa ikatoa karibu sawa na ilivyopewa, na Kassimu akakaa na akili zake zote akitazama matone. Yalikuwa matone tu. Hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko kelele yoyote.

Georgette alipoanza tena kushika kalamu, Kassimu aliteremka kwenye matete ya Mutambala. Iddy, mwendesha boti, alikuwa anaziba boti yake kwa lami. Walikuwa wakisalimiana miaka yote. Kassimu alichuchumaa.

"Iddy. Ile boti iliyopinduka nyuma ya Ubwari. Ilikuwa ya nani?"

Iddy aliweka lami chini. "Ya chumvi. Ilikuwa na batu wa Lweba na magunia."

"Na bamama wa mtaa wetu?"

"Hao nilibavusha miye. Miye mwenyewe nilikuwa kwenye mota. Saumu alikaa mbele pale, na kifurushi kwenye magoti. Tulifika Kigoma jua linatoka."

Kassimu alishika ubao wa boti. "Na hukuniambia?"

"Nilianza, mara ngapi? Ukasema una kazi." Iddy alimtazama kwa huruma iliyochanganyika na hasira. "Tukasema, labda anajua. Labda hataki."

Walivuka juma lilelile, mchana, wakijibanza kwenye miamba ya Ubwari mpaka mashua ya wenye bunduki ilipopita. Kutoka Kigoma Kassimu alipanda lori la mahindi hadi Kasulu, na kutoka Kasulu alitembea na wengine hadi kambi ya Nyarugusu, ambako mahema yalikuwa yamegeuka vibanda vya udongo, na vibanda vimegeuka mitaa. Aliuliza watu wa Baraka. Wakamwelekeza kwenye soko dogo. Saumu alikuwa amekaa nyuma ya chupa za mafuta ya mawese, akimpimia mteja kwa kikombe, uso wake kwa barabara. Alimwona Kassimu kabla Kassimu hajamwona. Akamaliza kumpimia mteja, akapokea, akashukuru.

"Umekonda," alisema Saumu.

"Saumu."

"Kaa kivulini, unatisha watu."

Alikaa. Saumu hakulia. Alipanga chupa zake upya, ingawa zilikuwa zimepangwa. Uso wake ulikuwa umezeeka pembeni mwa macho, na alikuwa na kovu dogo kidevuni ambalo hakuna ndoto iliyomwonyesha.

"Nilituma salamu kwa kila boti," alisema. "Mwaka wa kwanza nilidhani umekufa, nikakulilia vizuri. Mwaka wa tatu kijana mmoja wa Baraka akaniambia: Kassimu yupo, mzima, anafanya kazi ya labo, ana kanzu nyeupe. Ndipo niliposhindwa kulia. Watu wote hapa walikuja kutafutwa, Kassimu. Hata vilema walikuja kutafutwa."

"Niliogopa kuuliza. Nikadhani nikiuliza wataniambia." Alisugua magoti yake. Kisha akamweleza kuhusu dumu, ufa, ziwa lililopanda ngazi. "Nilikuwa nakuona," alisema. "Kila siku ya eteri nilikuwa nakuona."

Saumu alimgeukia kabisa, macho makavu.

"Miye sikukuona," alisema.

Kwa majuma kadhaa Kassimu alilala kwa jirani, kwenye kibanda cha wanaume wasio na wake, na asubuhi alimbebea madumu ya mawese sokoni bila kuambiwa asante. Alitengeneza pampu ya maji ya mtaa ule, akatengeneza cherehani ya jirani, akajibu maswali ya Saumu kila yalipokuja, na yalikuja bila mpangilio, wakati wa kupika, katikati ya biashara. Mlango ulikuwaje alipoukuta? Mchele ule ulitupwa au ulipikwa? Usiku wa mvua kubwa Saumu alimwambia aingie, alale upande wa ukuta, na asiguse kitu.

Siku moja, wakichuja mafuta, Saumu alisimama ghafla na kitambaa mkononi.

"Huyo mama wa labo. Mkono wake uliungua mpaka wapi?"

Kassimu alionyesha kwenye mkono wake mwenyewe, kutoka kifundo hadi kiwiko.

"Na ukamwacha na nani?"

"Na Florentine. Nilimfundisha."

Saumu alitikisa kichwa, kama mtu anayekagua hesabu za mwingine. Akachukua chupa kubwa kuliko zote, akaijaza mawese mekundu mpaka shingoni, akatafuta kizibo kizuri, akakigongelea kwa kiganja.

"Iddy anakuja lini Kigoma?"

"Ijumaa ijayo, Mungu akipenda."

"Utaipeleka mpaka Kigoma mwenyewe, umpe Iddy. Ni ya kupaka kwenye kovu, ngozi isikaze. Na umwambie aseme imetoka kwangu, si kwako." Akaigeuza chupa kichwa chini, akaangalia kama inavuja, akaisimamisha tena. "Miye nitaandika jina lake. Ni Georgette nani?"

Kassimu alifikiri. Alikuwa amefanya kazi na mama yule muda wote ule, na hakulijua jina la baba yake.

"Basi," alisema Saumu, akishika kipande cha mkaa, "tutaandika Mama wa Labo, Baraka. Itafika."